Nilivyobadilisha usukani wa pikipiki ili vidole visife ganzi

Kazi yangu inategemea vidole. Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe, yaani ninawapandikiza mbegu za dume kwa mrija, katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, na sehemu ngumu ya kazi hiyo hufanyika bila kuonekana. Mkono wa kushoto uko ndani ya ng'ombe, umevaa glovu inayofika begani, unaitafuta shingo ya kizazi kwa kupapasa. Mkono wa kulia unasukuma mrija wa mbegu taratibu mpaka ule wa kushoto uhisi umefika. Macho hapo hayasaidii kitu. Vidole vikiwa na ganzi, sijui ninachokigusa, na mfugaji atasubiri siku nyingine 21 hadi ng'ombe wake arudi kwenye joto, yaani awe tayari tena kupokea mbegu.

Ganzi hiyo niliipata kwenye pikipiki.

Ninaendesha Honda XL 125 niliyoinunua mkononi mwa mtu, ikiwa imetumika kwenye mradi uliokwisha. Ni pikipiki nzuri kwa milima: nyepesi, imeinuka juu ya mawe, na injini yake haina makuu. Ila usukani uliokuwa juu yake ulikuwa wa mtu mwenye mikono mirefu na mabega mapana. Mimi ni mfupi. Hata nikisogea mbele mpaka magoti yaguse tenki, viwiko vyangu vilikuwa vimenyooka kabisa, na viganja vilishika mipira ya kushikia kwa ukingo wa upande wa kidole cha mwisho, kwa sababu hapo ndipo mikono yangu ilipoishia.

Anayeijua barabara ya Mombo, Soni hadi Lushoto ataelewa hilo lina maana gani. Mombo iko chini tambarare; Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na katikati ni kona juu ya kona. Kupanda si tatizo, uzito unarudi nyuma. Kushuka ndiko kunakoumiza. Kila ukikamata breki mwili unateleza mbele, na kama viwiko vimenyooka, kinachozuia uzito wote huo ni viganja viwili. Kutoka Lushoto kwenda juu, ukipita Magamba na Malindi hadi Lukozi na kuendelea kuelekea Mtae, sehemu kubwa ni udongo, mawe na rasta, yale matuta madogo yaliyofuatana barabarani. Huko mtikisiko unapita kwenye mkono ulionyooka mpaka begani, hauna pa kupumzikia.

Juu ya keria ninabeba mtungi wa naitrojeni kimiminika, wenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, humo ndimo mbegu zinamolala. Mtungi huo lazima usimame wima na usitupwetupwe, kwa hiyo nashuka milima taratibu, nikikamata breki muda mrefu kuliko kijana wa bodaboda aliyebeba kabichi. Tena muda wenyewe hauna mchezo: ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi anatakiwa ahimilishwe jioni, aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Siwezi kufika kwa mfugaji nikaketi hadi mikono ipate fahamu.

Mwanzoni niliambiwa na kila mtu neno moja: utazoea. Waliniambia wenzangu kazini, wakaniambia vijana wa kijiweni, na baadhi yao waliongeza kwamba pikipiki hizi si za wanawake, mwili wenyewe unakataa. Nalipinga hilo kwa moyo wote. Sisi tunaohudumia mifugo tukikuta nira imemtoboa maksai shingo, hatumwambii mkulima asubiri maksai azoee. Tunamwambia aichonge nira. Maumivu yanayojirudia mahali palepale, upande uleule, kila safari, yana sababu ya umbo, na umbo linapimika.

Cha kwanza nilichofanya ni kuangalia ni vidole gani vinakufa ganzi. Hili ningependa kila mwendesha pikipiki alijue, kwa sababu mkono wenyewe unakuonyesha kasoro ilipo. Kiganja kinahudumiwa na neva zaidi ya moja. Neva ya upande wa nje inapita chini ya kiganja, karibu na mfupa mdogo ulio usawa wa kidole cha mwisho, na inapeleka fahamu kwenye kidole hicho na nusu ya kile cha pete. Ukiegemea ukingo huo wa kiganja muda mrefu, unaibana. Neva nyingine inapita katikati ya kifundo cha mkono, na inahudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu iliyobaki ya cha pete. Hiyo inabanwa hasa kifundo kikikaa kimekunjwa, kwa mfano mikono ya klachi na breki ikiwa imefungwa juu mno, ukalazimika kuinua vidole kila unapoitafuta. Mimi nilikuwa na zote mbili: gumba na cha shahada cha mkono wa kulia kwa kiasi, na vidole viwili vya mwisho vya mikono yote kwa ukali zaidi.

Kabla ya kununua chochote, nilianza na marekebisho yasiyo na gharama, na bado nadhani ndiko kila mtu anapaswa kuanzia. Mikono ya klachi na breki imefungwa kwa skrubu. Ukizilegeza kidogo, unaizungusha. Nilikaa kwenye pikipiki, nikanyoosha vidole juu ya mkono wa breki, na dada yangu akatazama kutoka pembeni. Mstari kutoka kiwiko, kupita kifundo, hadi ncha za vidole unatakiwa unyooke. Wangu ulikuwa umevunjika kwenye kifundo, vidole vikielekea juu. Tukaishusha mikono yote miwili mpaka mstari ukanyooka. Kwa kuwa nasimama juu ya vikanyagio kwenye rasta, tuliishusha zaidi ya hapo kidogo, maana ukisimama mikono inatokea juu. Nikaangalia pia uhuru wa waya wa klachi: ncha ya mkono wake inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla klachi haijaanza kuachia. Wangu ulikuwa hauchezi inavyopaswa. Kwa mkono wa kushoto ambao umetoka kukandamizwa na misuli ya ng'ombe, klachi iliyo mahali pake ni nafuu kubwa.

Gumba likapona. Vidole viwili vya mwisho vikabaki vilevile.

Nikajaribu kuuzungusha usukani wenyewe ndani ya vishikizo vyake, vile vibano vya katikati vinavyoukamata, kuulaza nyuma kuja kwangu. Ncha zilisogea, ila zikainama chini, viganja vikageuka na uzito ukazidi kwenda kwenye ukingo uleule. Hapo nikaelewa kwamba mzunguko hautoshi. Usukani una mambo manne yanayobadilisha mkao: upana, urefu wa kwenda juu, kiasi ncha zinavyorudi nyuma kwa mwendeshaji, na pembe ambayo ncha hizo zimeelekea. Ukiuzungusha unabadilisha matatu kwa pamoja, utake usitake. Kama bomba lenyewe halikukunjwa kwa mwili wako, unapata hiki unapoteza kile.

Basi tukapima. Tuliegesha pikipiki pahali tambarare, tukaisimamisha wima kwa gogo chini ya injini, mtungi ukiwa nyuma kama siku ya kazi. Nikakaa pale ninapokaa kweli, nikafumba macho, nikainua mikono mbele bila kufikiria usukani uko wapi, viwiko vimekunjika kidogo, nikakunja ngumi. Dada akapima kwa utepe wa cherehani: kutoka nati ya katikati ya shingo ya pikipiki hadi kila ngumi, na kutoka ngumi hadi ngumi. Tukarudia nikiwa nimesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjika. Tukarudia yote tena hadi namba zikakubaliana.

Namba zilinishangaza. Muda wote nilidhani nahitaji usukani wa juu, kwa sababu ndiyo lugha ya kijiweni: mkono ukiuma, inua usukani. Ngumi zangu zilitaka kwenda juu sentimita 3 tu. Zilichotaka hasa ni kurudi nyuma sentimita 7, na kukaribiana kwa sentimita 10. Tatizo lilikuwa umbali. Kama ningenunua usukani mrefu wa kwenda juu, ningekaa wima kama mtu aliye kwenye kiti cha ofisi, uzito wote ukashukia kwenye makalio, na kila shimo la Lukozi likapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Mgongo ulioinama mbele kidogo unakunjika na kupokea kishindo. Uliosimama wima kabisa hauna namna hiyo.

Maduka ya spea ya Tanga mjini yana usukani wa kila aina, nami nilikwenda na kipande cha boksi nilichokikata kwa umbo ninalolitaka, pamoja na kipimo cha unene. Unene ni jambo la lazima. Pikipiki nyingi ndogo zinatumia bomba la milimita 22 kwenye vishikizo. Zipo nene za milimita 28.6 zinazovutia macho, lakini haziingii bila kubadilisha vishikizo vyenyewe. Nilichagua usukani wa chuma wa zile pikipiki za kubebea abiria, wenye ncha zinazorudi nyuma vizuri. Nilipendelea chuma kwa sababu pikipiki ikilala, na kwenye utelezi wa masika hulala, chuma kinapinda na unaona kimepinda. Niliulaza juu ya kaunta ya kioo, nikaangalia kama ncha zote mbili ziko usawa mmoja. Wa kwanza haukuwa sawa. Wa pili ulikuwa sawa, na katikati ulikuwa na ile sehemu yenye meno inayong'ang'ania vishikizo. Usukani usio na meno hayo unaweza kuzunguka ukiukandamiza kwenye kona.

Kuufunga nilifanya na fundi mmoja wa Lushoto mjini, kijana mwenye mkono mzuri. Kabla hajagusa spana nilipiga picha kwa simu kila waya unapopita. Tukafunika tenki kwa blanketi, tukafungua vioo, swichi, klachi, breki na nyumba ya mafuta (kasha la mpira unaouzungusha kuongeza mwendo), vyote vikaning'inia bila kukatwa. Breki yangu ya mbele ni ya waya, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Mwenye breki ya diski lazima aangalie kama paipu ya mafuta ya breki inafika bila kuvutika, na masta, ile pampu ya breki iliyo kwenye usukani, isigeuzwe kichwa chini hewa ikaingia.

Pale kwenye swichi tulisimama kwa muda. Ndani ya nyumba ya swichi kuna kijipini kidogo cha kuingia kwenye tundu la usukani, ili swichi isizunguke. Usukani mpya matundu yake hayakuwa mahali ninapoyataka.

"Dokta, hiki tukisage tu," fundi akasema. "Tukikaza skrubu, itakaa."

"Kaka, nikiwa nashuka kona za Soni na mtungi nyuma, nikaishika kwa nguvu, itakaa?"

Akafikiri kidogo, akaenda kuchukua drili. Nampongeza kwa hilo. Kijipini kikisagwa, nyumba ya mafuta inaweza kujizungusha mkononi pale pale unapotaka kupunguza mwendo. Nilikaa kwenye pikipiki, tukaweka kila swichi pale gumba langu linapofika bila kiganja kuachia mpira, fundi akatia alama, kisha akatoboa tundu dogo la ukubwa wa kijipini na si zaidi. Kutoboa karibu na vishikizo vya katikati hapana kabisa, kwa maana hapo ndipo bomba linapobeba nguvu kubwa.

Vishikizo navyo vina utaratibu wake. Kwenye pikipiki kama hii unakaza bolti za mbele kwanza mpaka zishike barabara, kisha za nyuma, na uwazi unaobaki unabaki upande wa nyuma. Fundi alizoea kukaza zote kwa zamu; nikamwomba tufuate utaratibu wa mbele kwanza, akakubali. Baada ya safari chache nikazipitia tena kwa spana, na moja ilikuwa imepata nafasi ya kukazwa.

Kisha nyaya. Usukani uliorudi nyuma na kusinyaa unaacha nyaya zikiwa ndefu kupita mahitaji, zikitokeza mbele ya taa kwa tumbo kubwa. Waya wenye tumbo unanasa matawi, na ukikunjika kwa pembe kali unakuwa mgumu kuvuta. Tukaupitisha wa klachi njia nyingine, ndani zaidi, tukauacha huru usifungwe. Halafu likaja jaribio ambalo nalitaka lifanywe na kila anayegusa usukani, awe fundi wa miaka mingi au mwanafunzi: washa injini, iache ingurume taratibu, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Mlio ukipanda, hata kidogo, waya wa mafuta unavutwa, na siku utakayogeuza kwenye njia nyembamba ya shambani pikipiki itakuruka mikononi. Wetu ulipanda upande wa kushoto. Tulifungua, tukaupitisha upya, mlio ukatulia. Mpira wa mafuta tukaacha uwe na uhuru wa milimita chache, na tukahakikisha ukizungushwa na kuachiwa unarudi wenyewe kwa kishindo, bila kusaidiwa.

Ncha za usukani nazo lazima zipimwe dhidi ya mwili. Usukani unaorudi nyuma unaweza kugonga goti au kubana gumba kwenye tenki ukikata kona hadi mwisho. Wa kwangu uliacha nafasi ya vidole viwili kati ya ncha na goti. Ningetaka zaidi, ila inatosha.

Safari ya kwanza niliifanya bila mtungi, kwenda Soni na kurudi. Viwiko vilikuwa vimekunjika. Nilipokamata breki kwenye mteremko, mwili ulitaka kuteleza kama kawaida, lakini sasa niliweza kuuzuia kwa mapaja yaliyobana tenki, na mikono ikabaki na kazi yake ya kuongoza. Sikutegemea kwamba usukani utanifundisha kutumia mapaja. Ukiwa umejinyoosha kufikia usukani, hata tumbo na mapaja hayawezi kushika kitu. Ukiwa karibu, mwili wote unaingia kazini.

Ganzi haikuisha siku hiyo. Neva iliyobanwa muda mrefu inapona polepole, na kwa muda kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kiliendelea kuwasha usiku. Mwenye ganzi isiyoondoka hata akipumzika, au anayeona vidole vinapoteza nguvu, aende hospitali. Hilo halitibiwi kwa spana. Mimi ilipungua safari hadi safari, na nilijua imeondoka nilipokuwa zizini Malindi nikigusa shingo ya kizazi cha mtamba mdogo na kuhisi mikunjo yake mmoja mmoja.

Kuna ushauri mmoja wa kijiweni ambao kwangu haukufaa: kuzungushia mipira ya kushikia vipande vya tyubu ili iwe minene na kupunguza mtikisiko. Kwa mtu mwenye kiganja kikubwa huenda ni sawa. Kwa kiganja changu mpira mnene unanilazimisha kubana zaidi ili nishike, na misuli ya mkono inachoka mapema. Nilirudisha mipira ya kawaida, laini, isiyochakaa.

Wenzangu wanaotumia pikipiki za ofisi huniuliza wafanyeje, kwa kuwa chombo cha serikali hakibadilishwi kienyeji. Nawaambia marekebisho ya mikono ya klachi na breki, uhuru wa waya na pembe ya usukani hayatoi wala kuongeza kitu kwenye pikipiki, na yanarudishwa ilivyokuwa kwa spana ileile. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akilalamikia gumba alimaliza shida yake hapo hapo. Usukani wangu wa zamani nilimpa afisa mwingine, mrefu, mwenye pikipiki yake binafsi, lakini nilimsisitiza apimwe kwanza akiwa amefumba macho. Namba zake zilikuwa karibu sawa na usukani ule, naye anauendesha hadi leo bila malalamiko.

Kilichobaki kunisumbua ni tope. Usukani mwembamba una nguvu kidogo ya kugeuza gurudumu, na masika yakishika kule Shume, tairi la mbele likiingia kwenye mfereji wa gari, nauhisi uzito ambao upana wa zamani ulinipunguzia. Nimeona usukani mwingine wenye umbo hilihili ila mpana kwa sentimita 4. Mvua zikikatika nitaukopa kwa muuzaji, tuufunge bila kutoboa chochote, nishuke nao hadi Mombo na kupanda nao hadi Mtae, ndipo niamue.